Baridi ya Winnipeg haizoeleki: namna ya kuvaa, kutoka nje na kujua mwili umefika mwisho

Kila mwaka ikifika Novemba naanza kupata meseji za watu wanaokuja huku Winnipeg, Kanada, wengine wanafunzi, wengine familia za Wakongo waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi sasa wamepangiwa jimbo letu hili la Manitoba, na swali ni lile lile, "kaka hiyo baridi ikoje, nije na sweta ngapi?" Safari hii ni mtoto wa mama yangu mdogo, anatua mwezi wa kwanza katikati kabisa ya baridi, kwa hiyo nimeona niandike yote sehemu moja halafu kila atakayeuliza nimtumie hii.

Kwanza tuelewane kuhusu namba maana mtu wa Tanga kama mimi ukimwambia -30 anasikia tu "baridi sana". Friza la nyumbani, lile linalogandisha nyama ikawa jiwe, liko kama -18. Sasa asubuhi ya Januari hapa kuamka na -30 sio habari ya gazeti, ni Jumanne tu, yaani ukiingia ndani ya friza ungekuwa umekimbilia kwenye joto. Tarehe 31 Desemba 2013 ilishuka mpaka karibu -38 na jumba la makumbusho la Manitoba likatangaza kwamba siku hiyo mji wetu una baridi kuliko sayari ya Mirihi, kwa vipimo vilivyotumwa na Curiosity, ile roboti iliyoko huko Mirihi. Na huu ni mji, una shule, una watoto, watu wanaenda kazini. Kwa hiyo inawezekana kuishi, tena vizuri, ila kuna namna yake.

Jambo ambalo nataka ulishike kabla ya mengine yote ni hili: usije na roho ya kujikaza. Sisi tumelelewa hivyo, jikaze mwanaume, baridi kidogo tu hiyo, utazoea. Mwili hauzoei. Binadamu ni kiumbe wa joto, ukimweka mtu uchi ametulia tu hafanyi kazi, mwili wake unapata raha kwenye hewa ya digrii 28 mpaka 30 hivi, yaani Tanga kivulini mchana. Chini ya hapo mwili unaanza kulinda joto lake, na hii ni kwa watu wote, Mzungu, Mswahili, Mchina. Wenyeji wa hapa unaowaona wanacheka kwenye -25 hawana damu tofauti, wanachokijua ni nini wavae, wakae nje muda gani na lini waingie ndani. Basi. Hicho ndicho cha kujifunza.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi. Tafiti za majeshi, ya Marekani na ya Uingereza, zimeonyesha askari weusi wanaumia na baridi kwenye vidole vya mikono na miguu zaidi ya wenzao weupe waliokuwa nao mazoezi yale yale. Mkono ukipoa sana, mishipa ya damu huwa inajibana na baada ya dakika kadhaa inajifungua kidogo kupitisha damu ya moto, halafu inajibana tena, sasa kwa wengi wetu huko kujifungua kunachelewa au ni kudogo. Sisemi hivi kukutisha, nasema ili mwenzako wa kazini akivua glavu dakika tano kufunga kamba usione aibu kukataa kuvua zako.

Sasa mwili unavyofanya kazi, kwa kifupi maana ukielewa hapa mengine yote unajijazia mwenyewe. Ndani, kwenye moyo na ubongo, mwili unataka 37 na hautaki mchezo na hiyo namba. Ukipoa, kitu cha kwanza unachofanya mwili ni kukata damu kwenda mikononi, miguuni, masikioni na puani, unavitoa kafara vidole ili moyo ubaki na joto. Ndo maana mtu anasema "mikono inaniganda" na amevaa glavu nzuri tu, kumbe shida iko kifuani, koti halijafungwa zipu, shingo iko wazi, kichwa hakina kofia. Ukipasha kiwiliwili, mikono inarudi. Baada ya hapo unaanza kutetemeka, na kutetemeka sio udhaifu, ni injini, misuli inaweza kuzalisha joto mpaka karibu mara tano ya mtu aliyetulia. Ila inakula chakula kwa kasi, kwa hiyo usitoke na njaa. Uji, ugali, chapati na maharage, chochote, kula kabla ya kutoka.

Na joto linakutoka kwa njia nne ambazo kila siku utapigana nazo: upepo unalipeperusha, maji yanalinyonya, vitu vya baridi unavyogusa au kukanyaga vinalivuta, na ngozi iliyo wazi inalitoa tu hewani. Maji ndo mabaya kuliko yote, yanavuta joto mara 25 hivi kuliko hewa ya baridi ile ile, na hapa namaanisha hata jasho lako mwenyewe.

Tuje kwenye mavazi. Usinunue koti Kariakoo wala usijaze begi masweta ya mtumba, nakuomba, hizo hela zitunze ununue huku maana koti zinazouzwa kwetu hazikutengenezwa kwa -30. Huku pia kuna maduka ya mtumba, koti zuri kabisa unalipata kwa bei ndogo, na makanisa na misikiti na mashirika ya wageni yanagawa bure kila Oktoba na Novemba, kachukue, sio aibu, na mimi la kwanza nilipewa.

Kinachokupa joto sio unene wa nguo moja, ni hewa iliyonaswa katikati ya nguo kadhaa. Ya kwanza inayogusa ngozi iwe themo, ile ya kubana, ya sufu au poliesta, juu na chini. ISIWE PAMBA. Fulana ya pamba ikinyonya jasho inabaki imelowa mgongoni kama kitambaa cha maji, ukisimama kituoni unaanza kutetemeka hujui kwa nini. Jinzi ni pamba vilevile, jinzi peke yake kwenye -25 ni kama hujavaa suruali. Ya pili iwe sweta la sufu au lile la manyoya mafupi laini, flisi, moja au mbili kulingana na siku. Ya juu koti refu linaloshuka mpaka mapajani, lisilopitisha upepo, lenye kofia yake yenye manyoya pembeni, na yale manyoya sio pambo, yanavunja upepo usikupige usoni. Jaribu dukani ukiwa umevaa sweta ndani, likikubana rudisha, maana ukibana unaifukuza ile hewa.

Miguu. Hapa ndipo watu wengi wanaumia na ndipo mimi niliumia. Nilifika na raba, nikasema nitanunua buti nikipata mshahara wa kwanza, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ghala moja nje kidogo ya mji, tunapakia malori mlango uko wazi usiku kucha, hakuna aliyetuambia kitu kuhusu viatu na mimi sikuuliza. Usiku wa tatu kidole gumba cha mguu wa kushoto kikaacha kuuma. Kikaacha kabisa, nikafurahi, nikajua nimeanza kuzoea. Nilivyovua soksi asubuhi kilikuwa kigumu na rangi yake imekuwa ya majivu. Namshukuru Mungu hakikukatwa, lakini mpaka leo miaka imepita kikipata baridi kidogo tu kinawaka moto, na kucha yake haijawahi kuota vizuri tena. Kwa hiyo likushike hili: maumivu ni simu, yakikatika ghafla na wewe bado uko nje ujue mambo yameharibika, hujapona.

Buti liwe kubwa kwa saizi moja, vidole vicheze ndani. Soksi moja nene ya sufu, au moja nyembamba na juu yake nene kama buti lina nafasi, lakini ukirundika soksi tatu ndani ya kiatu cha saizi yako unabana damu na unaganda haraka kuliko aliyevaa moja. Soli iwe nene maana saruji na barafu vinavuta joto kupitia nyayo. Yale mabuti yenye soksi ya ndani inayotoka, itoe kila usiku uiweke karibu na hita ikauke, hata kama unaona haijalowa, jasho limo.

Mikononi chukua zile glavu za mfuko, vidole vinne vinakaa pamoja vinapashana, gumba peke yake. Zile za vidole vitano ni za -5. Mimi navaa nyembamba ndani na mfuko juu, nikitaka kutafuta funguo au kubonyeza simu natoa mfuko tu sibaki mkono mtupu. Chuma usikiguse na mkono wazi, na mtoto umwambie mapema kabisa asiweke ulimi kwenye nguzo au geti, ulimi unanasa hapo hapo, na ukivuta ngozi inabaki.

Kichwani mzula, shingoni skafu au ile bomba ya shingo unayoipandisha mpaka puani, na siku mbaya kininja kamili yanabaki macho tu. Akina dada mnaovaa hijabu mmeshapata tabaka moja bure, tafuta ya sufu au ya michezo ya kubana, halafu mzula juu yake. Hereni za chuma vua, chuma kinapitisha baridi mpaka ndani ya sikio. Ukioga na kuosha nywele usitoke hazijakauka, zinaganda kama waya, na wenye misuko ndo mjue kabisa ndani inachukua masaa kukauka. Vaselini paka sana, hewa ya huku ni kavu mpaka midomo inapasuka damu, ila paka kwa ajili ya ngozi, usiamini anayesema ukipaka vaselini uso hauwezi kuganda, haizuii na inakudanganya ujione uko salama.

Sasa upepo. Kwenye simu utaona namba mbili, ya kipimo na ya "inavyosikika", angalia ya pili. Wanaohesabu hiyo walianzia mbali, Paul Siple na Charles Passel walikuwa kule Antaktika mwanzoni mwa miaka ya 1940 wakipima dakika ngapi chupa ya maji inachukua kuganda kwenye upepo, na mwaka 2001 Kanada na Marekani wakatengeneza hesabu mpya kwa kuwapima watu wenyewe usoni. Mfano, -25 ikipigwa na upepo wa kilomita 30 kwa saa inakuwa kama -39. Maana yake kwa mtu aliyeacha ngozi wazi ni hii: ikisikika -28 mpaka -39 ngozi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30, ikifika -40 ni dakika 5 mpaka 10, ikifika -48 ni dakika 2 mpaka 5, na -55 chini ya dakika mbili. Hizi dakika ziandike ukutani. Ukishazijua, swali linakuwa basi linakuja baada ya dakika ngapi, na ngozi gani iko wazi. Mimi kwenye -40 sitoki kwenda kituoni mpaka simu inionyeshe basi liko dakika tatu, nasubiri ndani ya mlango wa jengo, na mjini kati kuna njia za juu zinazounganisha majengo unatembea ndani kwa ndani, zitumie. Kona ya barabara za Portage na Main kuna majengo marefu upepo unapita katikati kama bomba, pale kama una njia nyingine pita nyingine. Shule nyingi hapa ikisikika karibu -27 watoto hawatoki mapumziko, wanachezea ndani. Kama mtoto wa hapa aliyezaliwa kwenye theluji anafungiwa ndani, wewe wa juzi unamwonyesha nani?

Watu wananiuliza kama mapafu yanaganda ukivuta hewa ya -40. Hayagandi, pua na koo vinaipasha ile hewa kabla haijafika chini, utasikia tu vinyweleo vya puani vimekuwa vigumu na kope zinanata. Ila mwenye pumu atembee na dawa yake mfuko wa ndani, avute hewa kupitia skafu, na asikimbilie basi.

Tuingie kwenye dalili, soma taratibu hapa. Kuganda kwa ngozi kunaanza na kuchoma choma, halafu ganzi. Kwenye vitabu vya huku wameandika ngozi inakuwa nyekundu halafu nyeupe, hiyo ni ya Wazungu, kwetu usisubiri wekundu, utaona imepauka, ina majivu au inang'aa kama imepakwa nta, na ukiibonyeza ni ngumu. Usoni hujioni mwenyewe kwa hiyo tunaangaliana, ukitembea na mwenzako kila baada ya dakika chache mtazame pua, mashavu, masikio. Ikianza tu, ingia ndani popote, duka, kituo cha mafuta, hospitali, huku hakuna atakayekufukuza kwenye baridi hiyo, mkono weka kwapani, shavu lifunike na kiganja.

Ikiwa imekuwa ngumu kabisa, usisugue. Najua bibi zetu wangesema sugua, na wenyeji wa zamani huku walisema sugua na theluji, zote ni mbaya, ndani mle kuna vipande vya barafu vinavyokata nyama. Usiweke kwenye hita wala moto maana huhisi kitu, utaungua bila kujua. Loweka kwenye maji ya vuguvugu ya 37 mpaka 39, mwenye mkono mzima ajaribu na kiwiko kama maji ya mtoto mchanga, yakipoa ongeza ya moto, kama nusu saa hivi mpaka ngozi ilainike. Itauma sana, kunywa dawa ya maumivu. Malengelenge usipasue. Na kama bado uko mbali, kuna uwezekano mguu utaganda tena njiani, bora usiuyeyushe kwanza, kuyeyuka na kuganda mara ya pili kunaharibu zaidi. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usilale nayo, kwa sababu kuna dawa za kuyeyusha damu iliyogandamana kwenye mishipa ya vidole na hizo zinafaa ukiwahi, ndani ya masaa 24, ukienda siku ya tatu daktari anabaki kusubiri aone akate wapi. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Desemba 2016 kuna Waghana wawili walivuka kwa miguu usiku kutoka Marekani kuja Manitoba karibu na Emerson, mji mdogo wa mpakani, mkesha wa Krismasi, wakapita kwenye mashamba yenye theluji wakiwa na nguo za kawaida. Walifika wako hai, wakapoteza karibu vidole vyote vya mikono. Januari 2022 eneo hilo hilo familia ya watu wanne, baba, mama na watoto wawili, waliganda wakafa wakijaribu kwenda upande wa Marekani. Kama kuna mtu anakushawishi kuvuka mpaka kwa miguu mwezi wa kwanza, hata akwambie ni kilomita chache, kataa. Kilomita moja kwenye theluji ya magotini, usiku, huoni taa, ni safari nyingine kabisa.

Kupoa mwili mzima ni kitu kingine, na kinaweza kukupata hata kwenye +5 ukiwa umelowa. Joto la ndani likishuka chini ya 35 huyo mtu ni mgonjwa. Utamjua kwa tabia: ananuna bila sababu, anaongea ulimi mzito kama mlevi, anadondosha vitu, anajikwaa. Ukimuuliza atasema yuko sawa, usimsikilize. Ikishuka karibu 32 na chini ya hapo anaacha kutetemeka, na wapo wanaofika hatua ya kujisikia wanaungua wakaanza kuvua nguo kwenye theluji, wanakutwa hivyo. Piga 911, namba ya dharura ya huku. Wakati unasubiri mwingize ndani, vua kila kilicholowa, mfunike mablanketi mpaka kichwa, chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo weka kwapani na kifuani, usianze na miguu. Akiwa na akili zake na anameza vizuri mpe chai yenye sukari nyingi. Pombe hapana, pombe inafungua mishipa ya ngozi, anasikia joto huku joto lenyewe linatoka. Msogeze taratibu, moyo uliopoa ukitikiswa unaweza kupoteza mapigo.

Na akikutwa hapumui usimkatie tamaa. Mwaka 1999 Norway daktari mmoja, Anna Bågenholm, alianguka akiteleza kwenye theluji akanasa chini ya barafu ya kijito, dakika 80, joto la mwili wake likafika 13.7. Moyo ulikuwa umesimama. Wakamsukuma kifua njia nzima mpaka hospitali ya Tromsø, wakampasha damu kwa mashine, akaamka, baadaye akarudi kazini. Madaktari wa sehemu za baridi wana msemo kwamba mtu hajafa mpaka awe amepashwa moto na bado amekufa. Kwa hiyo sukuma kifua mpaka gari la wagonjwa lifike.

Watoto wanapoa haraka kuliko sisi, na mchanga hana hata ule mtetemeko wa kumpasha. Kichanga mfunge kifuani kwa kitenge halafu funga koti lako juu yenu wote wawili, uso wake uwe wazi apumue, hiyo ni njia nzuri kuliko kigari. Kwenye kiti cha gari usimfunge mkanda akiwa na koti nene, gari ikigonga lile koti linabonyea mkanda unabaki umelegea, mfunge na sweta halafu blanketi juu. Wazazi wetu wazee nao waangalie sana, wazee hawasikii baridi mapema, bibi anaweza kukaa kwenye nyumba ya digrii 16 anasema hana shida.

Ndani ya nyumba nina moja tu na nitaisema kwa nguvu. USIWASHE JIKO LA MKAA NDANI. Wala lile la kuchomea nyama, wala kuacha oveni ya gesi wazi ipashe chumba. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, mnalala familia nzima hamuamki. Kwetu Njombe na kwa wenzetu Limuru watu wanakufa hivyo hivyo kila msimu wa baridi, na huku madirisha yamezibwa zaidi. Hita ikifa mpigie mwenye nyumba, asipopokea nenda kalale kwa jirani au kwa sisi Waswahili wenzako, saa nane usiku tutafungua.

Ukiwa na gari utaona waya unaning'inia mbele kama pasi, ndio, gari linachomekwa kwenye umeme usiku, kuna hita ndogo inayopasha injini, bila hiyo kwenye -30 asubuhi haliwaki. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ndani weka blanketi, koleo, tochi, chakula kavu, buti na glavu za ziada hata kama unaenda dukani tu. Ukikwama kwenye theluji barabara ya nje ya mji USIACHE GARI ukaanza kutembea, gari linaonekana, wewe huonekani. Toa theluji kwenye bomba la moshi nyuma, washa injini dakika 10 kila saa, dirisha moja liwe wazi kidogo. Simu weka kifuani, betri ikipoa inazima hata kama ilikuwa na asilimia 60.

Mto Red unaopita hapa mjini ukiganda watu wanateleza pale The Forks kwenye njia iliyopimwa unene wa barafu, pale nenda, ni raha sana na watoto watapenda. Nje ya njia iliyopimwa usikanyage. Ukitumbukia, profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye amejiingiza kwenye maji ya barafu mara nyingi kujipima, anafundisha hivi: una dakika 1 ya kutuliza pumzi, usipapatike, una dakika 10 za mikono inayofanya kazi kujitoa ulikotokea, na una saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Wengi wanakufa ile dakika ya kwanza kwa kuvuta maji.

Giza pia litakushangaza, Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi linazama saa kumi na nusu jioni, na ngozi yetu inahitaji jua jingi kutengeneza vitamini D, muulize daktari akuandikie vidonge mapema. Na toka nje mchana kila siku hata dakika 15 ukiwa umevaa vizuri, ukijifungia miezi mitano kichwa kinaanza kusumbua, nimeona watu wazima wakilia jikoni mwezi wa pili bila kujua kwa nini.

Mdogo wangu, ukitua usitoke mlango wa uwanja wa ndege kunitafuta. Kaa ndani pale mizigo inapotokea, vaa themo uliyonunua na sweta juu, soksi badili kama zimelowa jasho la ndege. Koti lako, buti saizi 44 na glavu ninazo kwenye gari, nitaziingiza ndani mwenyewe, uvae kwanza ndio tutoke.